Ulimi Wangu Hauogopi Pilipili

Jumatatu, 14 Julai
Amepanda huku kwetu mlimani mtaalamu kutoka chuo cha mjini Morogoro. Judith. Binti mdogo, lakini shikamoo yake imenyooka. Anasema mwilini mna vijilango vidogo mno, jicho haliwezi kuviona. Ukila pilipili vinafunguka, chumvi inapita na umeme wake, ndipo ulimi unapata habari. Ipo jamii moja ya vijilango hivyo wasomi hawajaishughulikia sana. Anatafuta mzee mmoja wa kushuka naye maabara. Nimemwambia asisumbuke kutafuta. Mikidadi naye kajitokeza. Mikidadi! Mtu anayepuliza chai iliyopoa.

Jambo lenyewe ni Chausiku, mjane anayempikia Judith. Sote wawili tumemposa, hajajibu. Atakayeshuka mjini ndiye atakayekubaliwa. Hakusema hivyo, lakini mimi nawajua wanawake.

Jumanne, 15 Julai
Nimepata akili. Judith atadondosha maji ya pilipili ulimini, kila tone kali kuliko lililotangulia, useme lini linachoma. Mimi halitanichoma hata la mwisho. Hapa mlimani jino likiuma tunabana karafuu, panakufa ganzi. Basi nitatafuna konzi nzima. Nashangaa mtu hakuliwaza kabla yangu.

Alhamisi, 17 Julai
Kipimo. Mikidadi tone la kwanza tu, machozi, kamasi, anamwita marehemu mama yake. Nikamwambia mzee mwenzangu jikaze, hayo ni maji. Zamu yangu nikapokea matone yote, nikaomba mengine. Watu wote macho mdomoni mwangu. Nikajua ni heshima. Mikidadi akasema bwana Abdulmajid, unatoka damu. Kumbe nimeng'ata ulimi, sina habari.

Judith akanusa, akauliza kama jino linaniuma. Nikasema jino lenyewe lilishang'oka. Akasema karafuu imevinyamazisha vijilango, kwangu hakuna cha kupima. Anataka ulimi unaosema kweli. Kamchukua Mikidadi. Wasomi wa siku hizi wanachagua waliaji.

Ijumaa, 18 Julai
Chausiku kaniletea uji. Umetoka jikoni sasa hivi, na ganzi imekwisha. Nikapiga funda. Akaniuliza, Baba Mwanvita, haukuchomi? Nikasema haunichomi. Akauliza tena, taratibu. Nikasema mimi nichomwe na uji? Akasema marehemu mumewe alificha maumivu mpaka siku ya mwisho, na yeye hataki wa pili wa namna hiyo. Mwanamume asiyesema panapouma atauguzwaje? Kama uji unachoma niseme tu, jibu la posa yangu analo mdomoni.

Nikamaliza bakuli lote. Machozi yale yalikuwa moshi.

Akachukua bakuli lake, akashika njia ya kwa Mikidadi. Kazidiwa na ushujaa wangu, hilo liko wazi. Kesho, kabla hawajashuka, Judith anapima baridi kwa yeyote anayetaka, miguu ndani ya maji ya barafu. Alfajiri nitaloweka yangu mtoni mpaka isijue lolote. Chausiku akiniona nimesimama humo natabasamu, atarudi mwenyewe.