Nilivyochanjiana Udugu na Mkusanya Madeni

Jumatatu, 8 Julai 1991. Ihembe.

Ukungu mpaka saa tatu. Kahawa imeanikwa, mikeka minne. Saa nne akaingia mtu na baiskeli, mkoba begani, suruali kaifunga kamba vifundoni. Nikadhani mwinjilisti. Nikamkaribisha kwa furaha. Kosa!

Anaitwa Melkiory, wa Kamuli. Mkusanya madeni. Ametumwa na Bwana Polikarpi, wakala wa Kayanga, anayedai watu waliotibiwa hospitali ya misheni wakaondoka kabla ya kumaliza malipo. Mimi ni mmoja wao. Nilipasuliwa ngiri mwezi wa pili. (Ngiri niliipata kwa kunyanyua gunia la kahawa peke yangu, baada ya jirani yangu Rwegoshora kusema siwezi. Niliweza.)

Melkiory akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya kusomea waraka wa askofu: shilingi elfu tisa na mia nne. Zisipopatikana hadi Jumamosi ya tarehe ishirini, anaondoka na ng'ombe.

Ng'ombe tunaye mmoja, Bihogo. Na si wangu. Ni wa Celestina, mke wangu, aliyepewa na baba yake kabla mzee hajafariki. Celestina aliinuka. Akaenda zizini akamkuna Bihogo shingoni. Afadhali angenitukana.

Rwegoshora alikuwa kwenye ua wake, masikio nje. Akauliza kwa sauti kama na hizo elfu tisa nitazinyanyua peke yangu.

Mchana Celestina akasema kwa nini tusimwombe yule bwana karatasi ya hospitali, tuone tunadaiwa nini na nini. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo haya yanataka akili. Sikufika kidato cha nne bure. Nimeandika mipango miwili, nikaipigia mstari kwa rula.

Alhamisi, 11 Julai.

Mpango wa Kwanza: kumficha Bihogo. Asiyeonekana hachukuliwi. Jana alfajiri nikamswaga hadi zizi la Rwegoshora. Rwegoshora akakubali haraka mno. Nilipaswa kushtuka.

Masharti yake: maziwa ya asubuhi ni ya kwake, kwa ajili ya usumbufu. Jioni nikaenda na kibuyu kuchukua ya jioni. Akasema Bihogo ana huzuni ya ugenini, hakutoa. Nikaona povu la maziwa kwenye masharubu yake.

Leo Melkiory amerudi kuhesabu mali. Akauliza ng'ombe yuko wapi. Nikasema, kwa uso wa mtu aliyefiwa, kwamba ng'ombe hatunaye tena. Akanipa pole. Akavua kofia kabisa! Wakati ameishika kofia kifuani, Bihogo akatokea kwenye migomba, kamba ya Rwegoshora inaburuta nyuma, akapita katikati yetu, akaingia zizini kwake akaanza kula.

Melkiory akavaa kofia. Akaandika kwenye daftari: ng'ombe mmoja, mwekundu, mzima.

Celestina alicheka hadi akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Februari. Kwa hiyo mpango haukushindwa kabisa.

Jumamosi, 13 Julai.

Mpango wa Pili. Huu ni mkubwa. Nashangaa hakuna aliyeufikiria.

Mkago! Yaani kuchanjiana udugu. Marehemu baba alikuwa na ndugu wa mkago kijiji cha mbali. Punje mbili za kahawa kutoka tunda moja, kila mtu anapaka damu yake punje moja, mwenzake anaimeza, basi. Mzee yule alikuwa akija anakula, analala, anaondoka na mbuzi, na baba hasemi kitu. Naye baba akienda kwake vivyo hivyo. Ndugu wa mkago hamdai nduguye. Hajawahi kutokea wa kumdai! Sasa, nikichanjiana na mkusanya madeni, atanidai vipi?

Nikamwalika Melkiory kwa rubisi mpya, ile pombe ya ndizi zetu wenyewe. Akaja, ametoa hata zile kamba za suruali. Inaonekana haalikwi mara nyingi. Akasimulia kwamba wazazi wake walikuja kutoka Rwanda yeye akiwa mgongoni, walikufa mapema, hana kaka wala dada. Nyumba nyingi anakokwenda wanamfungulia mbwa. Kuna mama mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo, kisha akamwita tena ammwagie yaliyobaki.

Nikamweleza juu ya mkago. Akaweka kibuyu chini. Macho yakalowa. Mimi nikatazama pembeni, nikijikumbusha kwamba hii ni mbinu tu.

Tatizo la kwanza: damu. Celestina akatoka jikoni na mwiko mkononi akasema mwenye kuchanja mtu nyumbani mwake siku hizi za ukimwi, yeye naye atamchanja kwa mwiko huu. Tukakubaliana kuchovya punje kwenye rubisi badala ya damu. Sioni kwa nini isifanye kazi.

Tatizo la pili: kahawa. Nikapasua tunda mbele ya mgeni, kwa heshima zote. Punje moja! Zile pweke, za mviringo. Nikapasua la pili. Punje moja. La tatu, hali kadhalika. Matunda yenye punje moja huwa machache mti mzima, mimi nimeyachuma yote matatu kwa mkono wangu. Rwegoshora, kutoka uani, akauliza kama nachanjiana peke yangu.

La nne likawa na mbili. Tukameza. Tukashikana mikono. Nikalala mchana usingizi wa mtu asiyedaiwa na yeyote.

Jumapili, 14 Julai.

Tumetoka kanisani tukamkuta Melkiory mlangoni. Ana sanduku. Akaniita kaka. Akamwita Celestina shemeji. Akamwamkia mama yangu shikamoo, mama akaitikia marahaba mwanangu, akamshika kichwa muda mrefu kuliko anavyonishika mimi.

Amekula ndizi sahani tatu. Akaomba shati langu la buluu kwa kuwa lake limechanika kwenye miba ya watu. Nikampa. Ndugu wa mkago hanyimwi. Akaomba kulala chumba chenye dirisha. Nikahama.

Jioni nikamgusia lile jambo, polepole: kwamba sasa, kwa kuwa sisi ni ndugu, lile daftari nadhani tutalifunga. Melkiory akasikitika sana. Akasema, kaka, deni si langu, ni la Bwana Polikarpi. Mimi napata sehemu ya kumi tu. Na nisipofika Kayanga na ng'ombe Jumamosi, ananikata malipo ya miezi mitano. Kisha akanishika bega, akasema kwamba usiku kucha alikuwa hana raha, mpaka alipokumbuka mkago. Ndugu hanyimwi anachokiomba. Basi ananiomba Bihogo.

Nimekaa na kalamu dakika ishirini.

Kabla ya mkago angemchukua kwa nguvu, na ningeweza kupiga kelele. Sasa natakiwa nimkabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili, na tabasamu.

Jumanne, 16 Julai.

Sijamwambia Celestina. Ameshajua. Melkiory alimwambia wakati anamsaidia kumenya ndizi. (Anamenya vizuri. Hakuna utomvu hata kwenye kidole.)

Celestina hakugomba. Hilo ndilo lililonitisha. Akavaa kitenge cha kanisani akaenda kwa binamu yake Egbert, karani wa mahakama ya mwanzo. Akarudi saa nane akaketi mbele ya Melkiory, mimi nikiwa nimejifanya natengeneza redio.

Akamwambia hivi: shemeji, nionyeshe karatasi ya hospitali. Melkiory akafungua daftari. Celestina akasema hilo ni daftari la Polikarpi, mimi nataka ya hospitali. Melkiory akasema hajawahi kupewa, anapewa majina na jumla. Celestina akasema, kwa mujibu wa Egbert, anayedaiwa ana haki ya kuonyeshwa anadaiwa nini, kitu kwa kitu, na alicholipa kimeandikwa wapi. Na hakuna mtu wa kuswaga ng'ombe wa mtu bila amri ya hakimu. Tena ng'ombe wa mke! Alishawahi kuona wapi ng'ombe wa mke analipia ngiri ya mume? Na kusoma deni la mtu kwa sauti mpaka Rwegoshora alisikie, hiyo nayo ni tabia gani?

Melkiory akatazama chini kama mwanafunzi. Akasema katika miaka minne hakuna aliyewahi kumwuliza maswali hayo. Watu wanakimbia, au wanamfungulia mbwa, au wanalia wanalipa.

Celestina akasema vizuri, basi keshokutwa wanakwenda wote wawili hospitali. Na kwa kuwa ndugu hanyimwi, anamwomba baiskeli yake, yeye atakaa nyuma.

Sikualikwa. Nikasema kwa utulivu kwamba kuuliza si mpango. Kila mtu anaweza kuuliza.

Ijumaa, 19 Julai.

Walirudi jana alasiri, vumbi hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimekaa barabarani tangu saa sita, kwa bahati tu.

Sista Evangelina wa ofisi ya malipo alitoa kitabu kikubwa, akawasomea mstari kwa mstari. Kupasuliwa, elfu tatu. Kitanda siku tisa, mia tisa. Dawa, mia tatu. Jumla elfu nne na mia mbili. Na nililipa elfu mbili siku ya kulazwa, risiti ipo. Kwa hiyo nadaiwa elfu mbili na mia mbili!

Polikarpi alikuwa amenilaza siku kumi na tisa badala ya tisa. Elfu mbili zangu hakuzitaja. Kisha akaongeza elfu nne na mia mbili za “ufuatiliaji”. Yaani kunifuata nyumbani kumegharimu sawa na kunipasua, kunilaza na kunipa dawa.

Sista alikasirika mpaka miwani ikapata ukungu. Amesema hospitali haijamruhusu mtu kuongeza hata senti. Tulipe mara tatu: mia saba na hamsini, mia saba na hamsini, kisha mia saba. Dirishani kwake, tupewe risiti, tusimpe mtu mwingine. Awamu ya kwanza Jumatatu. Ng'ombe abaki alipo.

Celestina aliposhuka kwenye baiskeli alikwenda zizini kabla hata ya kunisalimia. Nikamfuata. Nikasema pole kwa safari. Akasema asante, akaniita Baba Kokwijuka, kwa jina la mtoto wetu. Tukasimama pale, Bihogo akatulamba wote wawili. Nilitaka kusema kitu kuhusu gunia la kahawa, kwamba lilikuwa jambo la kijinga. Nikasema mvua haitanyesha.

Ninadhani alielewa.

Jumapili, 21 Julai.

Mambo mengi. Kwa utaratibu.

Kwanza, Melkiory amefukuzwa kazi. Jana alipita kwa wadaiwa wote wa huku Ihembe, akiwaambia kabla ya kulipa waombe karatasi ya hospitali. Nyumbani kwa yule mama wa maji ya vyombo alipewa mayai sita. Polikarpi akasikia kabla ya jua kuzama. Sasa Melkiory anachuma kahawa yetu, na mama yangu amemfumia kofia. Mimi sijafumiwa kofia tangu 1974.

Pili, nimetafakari yote yaliyotokea, na ukweli uko wazi: mpango wangu ndio uliomwokoa Bihogo. Bila mkago, Melkiory angekuwa mgeni. Angekuwa mgeni, asingemenya ndizi. Asingemenya ndizi, Celestina asingejua. Nimemweleza Celestina mtiririko huu wote. Akasema sawa, akaniongezea maharage.

Tatu. Celestina amempa Melkiory zile mia saba na hamsini azipeleke kesho kwa Sista. Yaani mkusanya madeni aaminiwe, mwenye nyumba aachwe! Nikamwomba Melkiory pesa zile. Akasita, akatazama jikoni, kisha akanipa. Ndugu hanyimwi.

Nilikusudia kabisa kuzipeleka mwenyewe. Lakini saa tisa, Celestina yuko kwenye kwaya, akapita barabarani Bwana Polikarpi mwenyewe, juu ya pikipiki! Mtu mpole ajabu, mnene, ana jino la dhahabu. Akaniomba radhi. Makosa ya hesabu tu, alisema. Akasema anakwenda hospitali kesho asubuhi, na nikimpa mkononi leo, atapokea mia saba badala ya mia saba na hamsini, niepuke safari.

Shilingi hamsini! Kwa kukaa tu kwenye kiti changu! Celestina na Egbert na Sista, wote watatu na kitabu chao kikubwa, hawakupata punguzo hata la senti tano.

Nikampa. Kisha, kwa kuwa mtu mwenye akili hutazama mbele, nikamketisha, nikachuma tunda la kahawa, nikalipasua. Punje mbili, mara ya kwanza! Tukachovya kwenye rubisi, tukameza. Ananiita kaka. Akaondoka akinipungia mkono hadi kwenye kona.

Risiti sikumwomba. Mtu umemeza naye kahawa sasa hivi, utaanzaje kumwomba risiti?