Bibi Arobaini wa Raja

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwanangu Mahad anaota meno. Mimi hata ndoto siioti. Lakini leo moyo mweupe! Redio ndogo kule Digbeth inatafuta mtangazaji wa Kiswahili, nusu saa kila Jumamosi. Mugo, msimamizi, anataka kila mwombaji aje na kisa cha kweli chenye mashahidi wawili. Amechoka na umbea wa kwenye simu. Audrey naye ameomba. Audrey ni nesi, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Mimi niliishia darasa la saba, Garissa. Ila nina kitu ambacho Audrey hana. Nina Mama Varsha.

Mama Varsha ni jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Lozells, huku kwa Waingereza. Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Ndiye anayenishikia Mahad nikienda darasa la Kiingereza. Humwita Mahad "mume wangu", mwenyewe hujiita bibi wa Mahad. Mzee ana utani!

Leo alikuwa akikanda unga wa chapati. Akanisimulia kwamba kwao India kulikuwa na raja wa Devkhera. Ufalme ulishakwisha, lakini raja alivaa lulu hata akienda kunyolewa. Na ndani ya ikulu aliweka bibi arobaini.

Mwiko ukanitoka mkononi. Arobaini!

Nikauliza kama walikaa wote pamoja. Akasema meza moja, na raja asipomaliza wali walimgombeza. Nikauliza kama walikuwa warembo. Akasema wengi hawakuwa na meno.

Haya. Kila mtu na anachokipenda.

Jumanne, 7 Oktoba

Mimi si mtu wa kumeza kila ninaloambiwa. Nimepima. Mwongo hukukazia macho. Mama Varsha alikuwa anaangalia unga. Mwongo huongeza chumvi. Yeye alipunguza hadi meno. Basi ni kweli tupu.

Mubarik karudi kutoka kazini, nikamwambia. Akasema wake wanne tu ni ugomvi, arobaini ni wilaya nzima, huyo raja alihitaji chifu. Kisha akalala na viatu. Mume wangu hana moyo wa utafiti.

Shahidi wa pili bado. Nikapanda basi hadi Alum Rock, nikamuuliza Habibo wa duka la vitambaa kama amewahi kusikia habari za raja mwenye wake arobaini. Hakuwahi. Akaapa hatamwambia mtu. Nikanunua soksi za Mahad, nikarudi mnyonge.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shahidi! Alhamdulillahi!

Ayan, tunayesoma naye Kiingereza, kaninong'oneza kwamba India kulikuwa na raja mwenye wake arobaini na wanne, analala juu ya tembo. Na mimi sikuwa nimemwambia neno! Nikamuuliza kapata wapi. Akasema kwa mtu wa kuaminika, Alum Rock.

Hesabu zimepishana kidogo. Hao wanne wa juu, na tembo, nadhani Mama Varsha aliwasahau. Umri.

Audrey, pole mapema.

Jumamosi, 11 Oktoba



Mama Varsha alikuja redioni kunishikia Mahad, kavaa sari yake nyeupe ya heshima. Audrey akaanza. Jogoo aliyepotea Kisii, mashahidi wawili, na picha. Mugo akapiga miayo.

Zamu yangu. Nikafungua kwa raja na lulu zake, nikashuka kwa wake arobaini na wanne, nikapandisha tembo. Mugo macho yakamtoka. Nikajiona tayari hewani. Mara Mama Varsha kasimama.

"Wake? Nani amekwambia wake?"

"Wewe, Mama. Ulisema bibi."

"Bibi! Mama wa mama! Wajane wazee wasio na mtu wa kuwalisha, raja akawalisha yeye. Wewe Najmo, mmoja alikuwa bibi yangu mimi. Bibi yangu aliyenilea Mwanza kabla hajarudi India."

Nikajitetea. Kwetu Kenya bibi ni mke, mama wa mama ni nyanya.

"Nyanya ni ya mchuzi," akasema. Hakucheka. Akanirudishia Mahad, akachukua mkoba.

Hapo redio niliisahau. Nilichofikiria ni kwamba kesho hakuna wa kugonga ukuta kuuliza mume wake kaamkaje. Nikamshika sari. Nikasema, "Nisamehe, Mama. Mimi ndiye niliyemvunjia bibi yako heshima. Mahad hana kosa, usimwache."

Mahad naye akamnyooshea mikono, ufizi wote nje, mate hadi kifuani. Mama Varsha akamfuta mate kwa pindo la sari.

"Na wewe, mume wangu, kwa kinywa hicho ungepata kiti mezani kwa raja."

Akampokea. Akacheka, nikalia, Audrey akanipa karatasi ya kufutia. Si mtu mbaya.

Mugo akauliza shahidi wangu wa pili ni nani. Ayan. Na Ayan kaambiwa na nani? Habibo. Na Habibo? Mimi. Mugo akasema mtu aliyesikia kutoka kwako si shahidi wako, ni mwangwi wako.

Kipindi kampa Mama Varsha. Mimi nitaleta chai na Mahad.

Jumapili, 12 Oktoba

Sambusa za Mama Varsha, jua kidogo dirishani, jino la kwanza la Mahad limechomoza. Sina la kulalamika.

Nimejifunza. Neno lenye maana mbili, ulizia kwanza.

Leo kanisimulia habari za mdogo wake raja. Huyo, kasema, alikuwa na maziwa mawili ya kuogea, moja la asubuhi, moja la jioni. Maziwa mawili! La ng'ombe na la ngamia, bila shaka. Watu wana lita za kuchezea! Hapa sikuuliza. Maziwa ni maziwa, Garissa mpaka Mwanza.

Kisa kama hiki kitamrudisha Mugo kwangu. Kimebaki shahidi wa pili tu. Kesho napanda basi kwenda kwa Habibo, na safari hii nitamwapisha asitaje jina langu. Kufika Alhamisi, Ayan atakuwa amesikia.