Makofi ya Kumsalimia Mkwe

Jamani, leo sina uso. Nipo stendi ya Kasulu, nimejibanza nyuma ya kibanda cha chipsi, nimevaa koti la suti la kaka yangu, na nyumbani kwa kina Edina siendi. Siwezi kwenda!

Leo ilikuwa siku ya posa yangu. Baba mkubwa alitangulia Kasulu tangu jana na wazee wenzake. Mimi nilitakiwa nifike kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu baba yake Edina, Mzee Bikorimana, alisema hatoi jibu mpaka amwone kijana mwenyewe. "Kwanza nione kama ana heshima," alisema. (Heshima! Likumbukeni hilo neno.) Sikuwahi kukutana na huyo mzee. Nilimjua kwa picha tu, kwenye simu ya Edina.

Basi limezunguka mji wa Kibondo weee, linatafuta abiria, kila likitaka kuondoka linarudi stendi. Dereva mwenyewe mgeni, mtu wa Tanga, ndiyo kwanza kaletwa njia hii. Redio kaifungulia mpaka vioo vinatetemeka. Konda, anaitwa Shabani, akatusomea sheria: "Dereva hasikii maneno. Likipigwa kofi moja kwenye bodi, anasimama. Mawili, anaondoka. Abiria asipige, hiyo kazi yangu!"

Tukaondoka. Kila anayenyoosha mkono barabarani, tunasimama. Mwenye ndizi, simama. Mwenye baiskeli, simama. Kuna mmoja alitusimamisha kuuliza kama tunakwenda Kakonko. (Kakonko! Huko ndiko tulikokupa mgongo!) Jua linapanda, koti linaniunguza, namuona Edina ananitoka hivi hivi. Kufika Mvugwe, kofi moja tena, basi likasimama. Uzalendo ukanishinda. Nikatoa kichwa dirishani nikafoka:

"Konda, tumechoka kuokota watu! Huyo mzee apande bodaboda!"

Mzee akainua uso. Nikaliona paji. Lile paji la Edina, ila hili lina mikunjo na kofia. Mkononi kashika jogoo.

Moyo ukanilipuka pa! Jana usiku Edina aliniambia baba yake atapitia shamba lake la Mvugwe asubuhi, kumchukua jogoo wa kutuchinjia wageni. Mimi huyo, nikaruka mizigo na miguu ya watu mpaka mlangoni. Shabani alikuwa chini anamfunga jogoo miguu. Nikapiga goti pale pale kwenye ngazi. Sasa, sisi Waha mnatujua. Mkwe hasalimiwi kwa mdomo mtupu, ni makofi. Nami nikapiga ya nguvu, labda yangefuta yale maneno ya dirishani.

"Mwakeye, baba! Ni mimi, kijana wa Kibondo, wa Edina!"

Pa! Pa!

Akina mama wa viti vya mbele wakafurahi kuona kijana anayejua adabu. Nao wakapiga. Pa! Pa!

Basi likaondoka.

Mzee alikuwa ameshakusanya viganja anipokelee salamu. Akabaki hivyo hivyo. Shabani anakimbia na jogoo, anapiga kelele, "We dereva! Konda nipo huku!" Vumbi jekundu likawafunika wote wawili, na jogoo wao.

"Simama! Simama!" Redio inaimba tu. Bibi mmoja akasema, "Pigeni bodi, kofi moja!" Wazo zuri. Shida ni kwamba kila abiria alipiga kofi lake moja. Basi zima! Dereva akajua leo amebeba watu wenye haraka zao, akakanyaga mafuta. (Mimi nilikuwa napiga kwa mikono yote miwili. Nilikwisha.)

Tulikuja kusimamishwa na askari kwenye kizuizi cha Makere. "Konda wako yuko wapi?" Dereva akageuka, akazima redio, akatuuliza:

"Nani kapiga makofi?"

Vidole vyote kwangu.

"Nilikuwa nasalimia," nikasema.

"Unamsalimia nani kwa makofi, mbunge?"

"Mkwewe," akajibu yule bibi. Basi zima likaangua kicheko, na askari naye.

Tukangoja. Ikatokea bodaboda moja, imepakia mshikaki: mwendeshaji, Shabani, na mzee nyuma kabisa na jogoo wake kwapani. Mzee mwekundu toka kofia mpaka viatu. Akashuka taratibu, akaja moja kwa moja hadi niliposimama.

"Nilisikia mtu dirishani anasema nipande bodaboda," akasema. "Nimepanda."

Akabaki kasimama mbele yangu, ananingoja, na nilijua anangoja nini. Anangoja salamu. Mikono yangu ikaanza kusogeleana yenyewe. Dereva akaniwahi kutoka kwenye usukani:

"Wewe! Mikono mfukoni!"

Nami kwa woga nikaitia. Yote miwili. Mbele ya mkwe!

Mzee akaitazama ile mifuko ya koti, wala hakunitazama usoni tena. "Haya," akasema. Akapanda basi, akaketi kwenye kiti changu. Mimi nimesimama hadi Kasulu, na tulipofika nikamwacha ashuke, aende, apotee kabisa, ndipo nikaja kujificha hapa.

Baba mkubwa amenipigia sasa hivi, ananong'ona. "Wewe mtoto umefanya nini? Mzee kaingia hasemi. Tumeletewa ugali na maharage."

Nikamuuliza, "Na jogoo?"

Nikamsikia mwenyewe kwenye simu, huko uani, anawika.

Naombeni msinicheke. Na atakayeshindwa, acheke mikono ikiwa mfukoni.