Samaki Mia Moja Uzioni

Jumatatu, 6 Mei
Kijito cha nyuma ya nyumba leo kimeamka zambarau. Juzi kilikuwa kijani. Kiwanda cha rangi kinamwaga, sisi tunakohoa. Bustani ya mke wangu imekauka yote. Mama mkwe, anayekaa nasi, amesema mume mwenye haya angefanya jambo. Hakutaja mume yupi. Humu ndani yupo mmoja tu.

Tatizo: ovaroli za kiwanda hicho hicho nazishona mimi. Ndizo zinazotulisha. Meneja akijua nimemnyooshea kidole, kwisha habari yangu.

Jioni, mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wetu, nesi mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wafu, amesema barua na mabango havijasaidia. Anataka kitu cha kumfanya mpita njia asimame. Baadaye nikamfuata pembeni, nikajisikia nikisema: samaki wa kitambaa. Mia moja. Wafu, wametundikwa kwenye uzio wa kiwanda. Amefurahi mno. Nimemwapisha asimwambie mtu mshonaji ni nani, hata akibanwa kwa koleo.

Jumatano, 8 Mei
Nashona kwa kujificha. Mlangoni nimebandika karatasi: NIMEFIWA. Majirani watatu wamekuja kunipa pole. Nikasema ni mjomba, nikalia kidogo. Saa kumi mjomba mwenyewe akapita kunijulia hali. Nimemtoa kwa mlango wa nyuma.

Kipimo, fundi wa ng'ambo ya barabara, amenichungulia siku nzima. Anazimezea mate ovaroli zangu tangu zamani.

Ijumaa, 10 Mei
Kina mama wamewatundika samaki alfajiri. Watu wamejaa! Madereva wanasimama. Nimepita hapo mara nne, kwa bahati tu. Jamani, wanapendeza. Macho ya vifungo, magamba ya mabaki ya vitambaa, kila mmoja na huzuni yake.

Kila mtu anauliza kashona nani. Kipimo anainamisha kichwa na kusema yeye hapendi sifa. Hapendi sifa! Mtu ambaye hata pindo la suruali linamshinda! Sijala. Mama mkwe amesema angekuwa na mkwe kama Kipimo tungekuwa mbali.

Jioni nimefungua kisanduku cha lebo zangu. Kimekuwa chepesi. Ni lebo nyekundu: FUNDI MAKINI, na namba ya simu chini. Nguo ikiisha tu, mkono wenyewe unachukua moja na kuishona. Miaka ishirini ya mazoea. Nimezihesabu mara tatu. Zimepungua mia moja kamili. Ee Mungu wangu.

Jumamosi, 11 Mei
Nimeenda uzioni na mkasi saa saba, watu wakiwa kwenye chakula. Lebo ziko chini ya mkia. Samaki wa kwanza, chap. Wa pili, chap. Kwa haraka nikawa nakata na mkia. Kwa wa tisa mlinzi akapiga filimbi.

Mtaa mzima ukaja mbio. Wakanikuta na mkasi mkononi na mikia tisa miguuni. Wakaniita kibaraka. Wakakumbushana ovaroli anashona nani. Nikamtazama Mwenyekiti aseme neno. Akafumba mdomo, machozi yakimlengalenga. Si nilimwapisha mwenyewe! Ndipo Kipimo akasogea, mkono kifuani, akauliza nina chuki gani na kazi ya mikono yake.

Kazi ya mikono yake! Damu ikanipanda. Nikamshika samaki wa kumi, nikaugeuza mkia.

"Someni hapa! Fundi Makini! Wote mia ni wangu!"

Makofi. Vigelegele. Nikageuka kupokea pongezi, na nyuma yangu alikuwa meneja, ndani ya koti nililomshonea mimi. Amesoma pia.

Jumanne, 14 Mei
Ovaroli kapewa Kipimo. Nimekaa mbele ya cherehani tangu asubuhi bila kutia uzi. Naogopa. Ada ya watoto, kodi, kila kitu kilipita kwenye sindano hii. Mke wangu hakunigombeza. Amekaa kando yangu, akasema, "Kijito leo kina rangi ya maji."

Nimeenda kutazama. Kweli. Wakaguzi wa mazingira walikuja jana kwa ajili ya samaki, na bomba la kiwanda limefungwa. Nimechovya mkono, umetoka bila rangi.

Jumatatu, 27 Mei
Ovaroli za Kipimo zimepasuka makalioni. Mafundi mitambo thelathini, siku moja, walipoinama tu. Meneja amenirudishia kazi kwa sharti moja: hata uzi wangu usionekane tena kwenye mambo ya uzio. Safari ijayo, amesema, hakuna kurudi. Nimeapa. Mama mkwe ameniita mwanangu.

Jumapili, 2 Juni
Kijito kimerudi zambarau. Mwenyekiti anataka samaki mmoja mkubwa, mita kumi na tano, wa kubebwa na watu ishirini hadi langoni. Siri kuu. Nimekubali, lakini safari hii nina akili: kisanduku cha lebo kimefungiwa kwenye sanduku la mama mkwe, na ufunguo anao yeye.

Nimemaliza jioni hii. Sijawahi kushona kitu kizuri hivi! Lebo hakuna hata moja. Nimetarizi jina tu, chini ya pezi, kwa herufi ndogo. Kuhakikisha, nimemtuma mama mkwe ng'ambo ya barabara atazame. Amelisoma bila miwani.

Nimefurahi sana. Ingekuwa hasara kama lisingesomeka.