Kitambaa cha Meza ya Mgeni Rasmi

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Mbeya na Iringa kwamba Mashindano ya Kwanza ya Mitambo Inayojiendesha ya Wanafunzi wa Nyanda za Juu yalifana kupita kiasi, umati ulifurahi, na mgeni rasmi aliondoka ameridhika. Tangazo hili lilichapwa wiki moja kabla ya mashindano yenyewe, ili lisije likachelewa, na aliyelitunga ni Ndugu Jailos, Kaimu Katibu wa Kamati ya Maandalizi.

Hilo neno kaimu ndilo lililokuwa likimnyima Jailos usingizi. Alikuwa amekaimu muda mrefu mno, hata watoto wa Iyunga, pale Mbeya, walikuwa wakimwamkia "Shikamoo, Mzee Kaimu," naye akiitikia kwa uchungu. Katibu kamili hukalia kiti chenye mikono. Kaimu hukalia kiti cha mbao kisicho na mikono, na akichoka anaweka viwiko juu ya mapaja yake mwenyewe. Sasa, mwaka huo wa sabini na sita, Mkurugenzi wa Ubunifu wa Kanda, Ndugu Faustin, ambaye ofisi yake iko Iringa na ndiye aliyealikwa kuwa mgeni rasmi, alikuwa ametoa ahadi: mashindano yakipita bila aibu, atamthibitisha Jailos palepale uwanjani, mbele ya umati. Kwa hiyo Jailos aliapa kwamba aibu haitapata nafasi ya kukanyaga Iyunga siku hiyo.

Maandalizi yalikuwa ya kisayansi. Iliundwa kamati ndogo ya viti, kamati ndogo ya maji ya kunywa, na kamati ndogo ya kamba ya kuwazuia watazamaji. Kamati ndogo ya mitambo haikuundwa, kwa kuwa mitambo ilikuwa inajiendesha.

Jambo lililokula muda ni kitambaa. Katikati ya uwanja iliwekwa meza ndefu ya kuonyeshea mitambo. Upande mmoja ni turubai la mgeni rasmi, upande wa pili ni wananchi nyuma ya kamba. Kitambaa cha kijani kilichopatikana kilikuwa kifupi, hakikutosha kufunika meza pande zote mbili mpaka chini. Kamati ilikaa, ikajadili, ikanywa chai, ikajadili tena, na mwishowe ikaazimia kwamba kitambaa kiteremke hadi majanini upande wa mgeni rasmi, na upande wa wananchi miguu ya meza ibaki wazi. Jailos alieleza sababu kwa ufasaha: mwananchi hatazami kitambaa, anatazama maendeleo. Azimio likapita bila mtu kupinga.

Siku ikafika. Wanafunzi walipanga mitambo yao, yote ikimwelekea mgeni rasmi, hivyo watazamaji wakawa wanaona migongo tu. Kulikuwa na mtambo wa kupanda mahindi na mtambo wa kupiga kengele. Lakini uliozungumzwa zaidi ni wa Roza, msichana wa shule moja ya Iringa: mtu wa bati mwenye magurudumu, kimo chake kama birika kubwa, aliyebeba sinia. Ukimwashia swichi, anatembea mwenyewe kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine, anasimama, anainamisha kichwa, na kukukaribisha kikombe cha chai. Mitambo yote ilitumia mawe ya tochi, yaani betri, ambazo kuzipata mwaka ule ilikuwa kazi kama kumtafuta mke.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu. Robo saa kabla, Jailos alipita akiagiza mitambo yote iwashwe. Roza akamwambia kwa adabu kwamba betri zitakwisha bure, afadhali wangoje gari lionekane. Jailos akamhurumia kwa uchanga wake. Alimfafanulia kwamba mgeni rasmi hawezi kuikuta mitambo imekaa kimya kama mizigo ya stendi. Ni lazima aikute katika hali ya kuendelea.

Basi ikaendelea. Ilipanda mahindi hewani, ikapiga kengele, ikabeba chai. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Kamati haikujua kwamba Mkurugenzi, kabla ya kuanza safari ya Mbeya, alikuwa ameelekea kwanza Ilula, upande mwingine kabisa wa Iringa, kwa sababu mkewe alisema nyanya za Ilula hazina mfano. Huku Iyunga kipaza sauti kilitangaza bila kupumzika kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Nacho kilikuwa kinatumia betri ya gari. Kufika saa tano sauti ikawa nzito, ikalegea kama ya mlevi, ikasema "mgeni ra..." na kukata.

Mitambo nayo ikafuata. Wa mahindi ulisimama mkono juu. Wa kengele uligonga mara moja ya mwisho, ukanyamaza. Mtu wa bati alidumu kuliko wenzake, maana Roza alikuwa akimzima kila Jailos anapogeuza mgongo, lakini saa sita kasoro naye akainamisha kichwa asikiinue tena.

Watazamaji wakaanza kunung'unika. Miongoni mwao alikuwa Mzee Kashindye, baba yake Roza, aliyetoka Usangu juu ya lori la mpunga, ng'ombe wake akiwa amemwachia mdogo wake. Ndugu zake walikuwa wamemcheka: binti yako tunasikia anasomea kuchezea makopo. Mzee huyu hakuja kwa ajili ya mgeni rasmi. Alikuja kuona jambo moja kwa macho yake ili akirudi awe na la kuwajibu, na mpaka sasa alikuwa ameona mgongo wa bati umesimama. Alimwambia kijana wa kamba kwamba yeye ana tochi, na ndani ya tochi mna mawe mapya. Kijana akamjibu kwamba kuvuka kamba kunahitaji beji, na tochi si beji.

Ndipo vumbi likaonekana barabarani.

Jailos alihisi kile kiti chenye mikono kinaota mbawa. Akaomba uzi mgumu kwa fundi cherehani aliyekuwa amekaa kibarazani, akaufunga kiunoni mwa mtu wa bati, akaupitisha ukingoni mwa meza hadi chini, kisha akamwita Roza akamwamuru aingie chini ya meza avute.

"Mimi sivuti," alisema Roza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga lakini sauti haikutetemeka. "Mtambo wangu unajiendesha. Mkiuvuta nyie, basi semeni ni wenu."

Mwantumu, mpiga chapa wa ofisi, mtoto wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani na kuuleta ulimi wake pamoja na mizigo, alimshika Jailos mkono wa shati.

"Kaka Jailos, waambie tu betri zimekwisha. Kwani betri zikiisha ni dhambi?"

Jailos alimwangalia kama mtu aliyetukana bendera. Akavua koti, akalikunja, akamkabidhi Mwantumu, na Kaimu Katibu wa Kamati ya Maandalizi akaingia chini ya meza kwa magoti.

Mgeni rasmi akateremka garini, mzima wa afya, ananukia nyanya. Akaketi. Mtu wa bati akatikisika, akaanza safari yake polepole juu ya kitambaa cha kijani, kikombe kikimwagikamwagika. Kwa upande wa turubai, hakika ulikuwa mwujiza wa elimu ya kujitegemea. Kwa upande wa wananchi ilionekana miguu minne ya meza, na katikati yake Ndugu Jailos anarudi kinyumenyume kwa magoti, makalio mbele, uzi mkononi, shati limechomoka, jasho linamtoka puani.

Loo! Watu waliokuwa wamekaa tangu asubuhi bila kuona chochote sasa walipata cha kuona. Walicheka wakashikana mabega. Akina mama walipiga vigelegele. Makofi yalipigwa ambayo hata mabingwa wa mpira hawajawahi kupigiwa pale. Mgeni rasmi aliguswa hadi akatoa kitambaa cha mkononi. Alisema umma wenye mwamko wa sayansi namna hii hajauona kokote. Akataka mtambo urudie, Jailos akarudia, na makofi yakazidi.

Mkurugenzi akasimama kuhutubia. Mwantumu alimnong'oneza kwamba kipaza sauti kimekufa. Akakishika hivyohivyo, kwa kuwa hotuba bila kipaza sauti mkononi ni maongezi. Mwantumu akaona si vizuri mgeni apaze sauti bure, akamwendea Maganga, dereva wa mgeni huyo, wakachomoa betri ya gari la Mkurugenzi na kuanza kuunganisha nyaya.

Wakati huo Mkurugenzi alikuwa amefika pale Jailos alipopangojea maisha yake yote.

"Na sasa," alisema, "namwita Ndugu Jailos ajitokeze, nimthibitishe kazini mbele yenu."

Jailos hakujitokeza. Alikaa chini ya meza amekumbatia uzi, anasikia jina lake linaitwa kwa heshima na hawezi kuitika. Akaitwa mara ya pili. Turubai zima likageuza shingo kumtafuta. Mzee Kashindye, ambaye kwao mtu akiitwa na mkubwa asiitike, humwitikia aliye karibu, akavua kofia na kusema kutoka nyuma ya kamba:

"Mheshimiwa, yuko hapo chini, anafanya kazi."

Mkurugenzi akainua pindo la kitambaa. Wakatazamana. Mwingine angemtoa kwa ukosi. Lakini mpiga picha wa gazeti alikuwa ameshajiandaa, na ripoti ya mafanikio ilikuwa imeshakwenda Dar es Salaam tangu juzi. Mkurugenzi akatabasamu kwa wageni wenzake, akasema anakwenda kukagua mtambo kitaalamu, akaingia chini ya meza na kipaza sauti chake, akashusha pindo. Kijana wa kamba akaiacha kamba yake akakimbilia mbele aone vizuri.

Na Maganga akakaza waya wa mwisho.

"Wamekuona?" uwanja mzima ukasikia.

"Kitambaa kimefika mpaka chini, Mkurugenzi. Hawaoni kitu."

"Sikiliza, pumbavu wewe. Nakuthibitisha, umesikia? Katibu kamili kuanzia leo. Lakini ukifungua mdomo, tumeanguka wote. Hawa watu hawana akili, watapiga makofi na kurudi makwao."

"Ndaga, Mkurugenzi. Asante sana."

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyetaka kupitwa na neno. Kamba ilikuwa haina mlinzi. Mzee Kashindye aliivuka bila beji, akafungua tochi yake, akamwagia binti yake mawe mkononi. Roza aliyapachika, akaukata uzi kwa meno, akabonyeza swichi. Mtu wa bati akainua kichwa na kuanza kutembea, magurudumu yakinguruma juu ya meza.

"Acha kuvuta," kipaza sauti kikasema.

"Sivuti, Mkurugenzi. Uzi huu hapa, umelegea."

Kipaza sauti kikaguna.

"Sasa nani anavuta?"

Mtu wa bati alipita juu ya vichwa vyao, akafika mwisho wa meza, akasimama, akainama. Kiti cha mgeni rasmi kilikuwa kitupu. Mzee Kashindye akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chai yote iliyosalia, ingawa ilikuwa imepoa tangu asubuhi. Alimwangalia binti yake, akamkabidhi kikombe kitupu. Hapo ndipo uwanja ukalipuka.

Jailos alithibitishwa. Haikuwezekana kuvunja uamuzi uliotangazwa kwa kipaza sauti. Sasa anakalia kiti chenye mikono, anatia sahihi kwa wino wa bluu, na watoto wanamwita Katibu. Wananchi waliandika kuomba mashindano yawepo kila mwaka, mradi kitambaa kisiongezwe urefu. Ila kuna kadhia moja ambayo Jailos hajaipatia ufumbuzi. Kila mtu anayeingia ofisini mwake husimama mlangoni, huinama kidogo kutazama chini ya meza, ndipo hupiga hodi.

Na Iringa, anasema Maganga, kwa Mkurugenzi wanafanya hivyohivyo.