Albamu Bila Seben

Jumatatu, 2 Juni
Mama Félicité anatafuta mtu wa kupiga muziki kila Jumapili kwenye terasi yake, baa ya uani, hapa mtaani Kabondo. Nafasi yangu! Hatimaye mji huu utaisikia Les Horloges de sel, albamu bora ya metali, muziki wa gitaa za kunguruma, kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Anayebisha aje. Ngoma zinakwenda mapigo saba, kisha matano, kisha hakuna anayejua. Wimbo wa tatu una dakika kumi na tisa. Kasoro yake: ni mfupi.

Hemedi, jirani yetu, mtu wa rumba, naye ameomba nafasi hiyohiyo. Maskini.

Jumatano, 4 Juni
Nimempigia dada yangu Benie wimbo huo wa tatu kwa majaribio, akitwanga pondu, majani ya muhogo. Baada ya dakika mbili akauliza kama spika imeharibika. Nikamweleza kwamba huo ni mpito wa mapigo. Akasema basi upite haraka, kichwa kinamuuma. Hana masikio.

Alhamisi, 5 Juni
Mama Félicité ameamua: Jumamosi nitapiga mimi, kisha Hemedi, halafu atachagua. Aliuliza jambo moja tu: seben ipo? Yaani pale mwishoni, uimbaji unapokoma, gitaa zinachangamka na watu wanainuka kucheza. Nikasema ipo. Kwani mwishoni hakuna gitaa? Zipo tele!

Jumapili, 8 Juni
Fedheha.

Jana niliwapigia wimbo wa tatu, wakasikiliza dakika kumi nzima bila kunung'unika. Nilikaribia kulia kwa furaha. Kumbe walikuwa wanasubiri! Papa Édouard, mteja wa meza ya mbele, alitangaza kwamba utangulizi mrefu namna hii, seben yake itaua mtu. Dakika ya kumi na mbili ngoma zikashika kasi. Terasi yote ikainuka. Viti pembeni. Papa Édouard akavua koti. Mapigo saba, matano, kisha kimya. Kisha filimbi. Filimbi peke yake! Watu wamesimama, viuno vimeelekea kushoto, vinasubiri ruhusa ya kurudi.

Mama Félicité akanijia polepole.

"Bon, Nicolas. Batu banasimama tangu zamani. Seben iko wapi?"

Nikamwambia filimbi hiyo ndiyo moyo wa albamu. Akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Hemedi akaweka rumba, na Benie, damu yangu, akawa wa kwanza kucheza. Jumapili zote ni za Hemedi sasa. Iliniuma sana.

Jumatatu, 9 Juni
Nimetafakari, na kosa nimeliona. Niliwapa wimbo mmoja! Albamu kama ile haionjwi, inaliwa yote, nyimbo tisa mfululizo. Bahati nzuri Tonton Jean-Paul, mjomba wetu, anamwoza binti yake Jumamosi na ameniachia muziki wote. Bibi harusi ataingia akifuata mapigo ya wimbo wa kwanza, mwanzo hadi mwisho. Nimeshamshauri avae viatu vya chini.