Konafa ya Haji Plastiki

Jumapili, 9 Machi. Ramadhani ya tisa. Tangazo ukutani hospitalini: Alhamisi mtihani, mmoja wetu awe kiongozi wa zamu ya dharura. Mama ameshawatangazia majirani wa ghorofa zote sita kwamba ni mimi. Wa kuniharibia ni Ingy tu, daktari mwenzangu, mdogo wa umbo, mkubwa wa macho. Profesa Rawhiya, mtahini wetu, karudia wimbo wake: inua macho, tazama chumba kizima, sema kwa sauti unachokiona. Ingy aliandika. Mimi sikuandika. Kutazama chumba kizima ni kazi ya mlinzi wa benki.

Jumanne, 11 Machi. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi leo ninazo kichwa kizima. Mgonjwa wa mtihani ni sanamu, tunamwita Haji Plastiki. Maradhi yake huyapanga ami Shaaban, fundi wa mitambo. Nimempelekea sinia la konafa, tambi tamu za kuoka, shira inachuruzika. Akasema amefunga, lakini riziki haitupwi, itakaa rafuni pale pale chumba cha mtihani, ale kidogo kila adhana. Kisha akaninong'oneza: Haji atachomwa penisilini, mwili uikatae. Nimekariri dawa zote kwa mpangilio. Naweza kumtibu nimefumba macho.

Alhamisi, 13 Machi. Mtihani saa kumi na moja jioni, saa nzima kabla ya magharibi. Profesa ana kisukari na amefunga, hasikii la mtu. Nilianza vizuri mno. Adrenalini, maji ya mshipani. Profesa akatoka jasho, nikajua nimemshangaza. Akaacha kuandika, nikajua hana kosa la kuandika. Ingy akasema, "Rifki, wewe ndiye kiongozi, hebu geuka, Profesa anaanguka." Nikamwambia asinikatize, mgonjwa wangu yuko kitandani. Profesa akaketi sakafuni. Nikamruka, nikafuata oksijeni.

Nilipomaliza, Haji Plastiki alikuwa mzima kabisa na hakuna aliyemtazama. Wote wamepiga magoti kwa Profesa. Ingy aliliona lile sinia tangu anaingia, sasa anampaka shira kwenye fizi kupandisha sukari iliyoshuka. Profesa akazinduka. Swali la kwanza: konafa ya nani? Nikamkonyeza Shaaban. Akatazama dari, akasema, "Profesa, mimi nimefunga. Uongo siwezi." Akaeleza yote, mpaka lozi za juu.

Ijumaa, 14 Machi. Ingy kiongozi. Mimi wiki ijayo nitalala badala ya Haji Plastiki, wanafunzi wajifunzie kwangu. Naona uchungu, nakiri. Mama nimemwambia nimepewa kitanda changu mwenyewe hospitalini. Ameshapanda ghorofa ya sita kutangaza.

Nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona: sukari. Isingekuwa ile shira, nisingejulikana. Mtihani wa marudio ni baada ya Idi, Shaaban atakuwa hafungi tena. Safari hii nampelekea achari.